Mashine ya Dizeli Ikipungua Nguvu: Tazama Kwanza, Fungua Baadaye

Msimu wa karafuu ukifika, kila kitu chataka kwenda kwa wakati wake. Karafuu zilizochumwa leo zataka kuchambuliwa leo, na kesho asubuhi ziwe juani juu ya jamvi. Zikilala mbichi ndani ya magunia hupata joto na kuchacha, na hata zikianikwa baadaye hutoka zimepauka na kunyauka, na daraja yake hushuka. Kwa hiyo lori linaloshindwa kupanda kilima jioni, likiwa na magunia mabichi ya watu kumi, si hasara ya mwenye lori peke yake. Ni hasara ya wote kumi.

Tumeona yafaa tuwaeleze wanachama wenye malori, mashua za mashine, pampu za maji na vinu vya kukobolea mpunga namna ya kuujua ugonjwa wa mashine ya dizeli kabla ya kumwita fundi. Hatusemi kila mtu awe fundi; twasema kila mtu ajue kutazama. Maana desturi ya wengi ni hii: mashine ikipungua nguvu, cha kwanza kulaumiwa ni pampu ya mafuta. Pampu hufunguliwa, hupelekwa mjini, hununuliwa spea za fedha nyingi, kisha hurudishwa, na mashine ikabaki vile vile, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa katika chujio la hewa lililojaa vumbi.

NAMNA MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine hii yaitwa kwa jina la Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani, ambaye mashine yake ilipimwa na kufaulu mjini Augsburg mwaka 1897. Tofauti yake na mashine ya petroli ni kwamba haina plagi ya kuwashia moto. Pistoni huvuta hewa tupu ndani ya silinda, kisha huibana hewa ile mpaka ikawa kama sehemu moja ya 15 au ya 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa ikibanwa hivyo hupata moto mkali, zaidi ya digrii 500 za sentigredi. Hapo nozeli hupuliza mafuta ndani kama ukungu mwembamba, na mafuta hushika moto yenyewe.

Basi mashine ya dizeli yataka mambo manne tu: hewa ya kutosha, mafuta safi kwa kipimo chake na kwa wakati wake, mbano mzuri ndani ya silinda, na njia wazi ya kutolea moshi. Nguvu ikipungua, mojawapo ya hayo limepungua. Kazi yetu ni kulitafuta lipi, tukianza na lililo rahisi na lisilo na gharama.

JE, NI MASHINE KWELI?

Kabla ya kuigusa mashine, hakikisha kwamba mzigo wake haukuzidi. Lori ambalo breki zake zimeshika huenda kizito kama lililo na mashine mbovu. Liendeshe mwendo mfupi, lisimamishe, kisha upeleke mkono karibu na kila gurudumu bila kuligusa. Gurudumu lenye joto kupita wenzake breki yake haikuachia. Katika kinu, tazama kama mkanda unateleza au umekazwa kupita kiasi. Katika mashua, tazama kama kamba au wavu umejizungusha kwenye panga la nyuma, au kama mwani na makombe yameshika chini ya ubao.

Kisha jiulize: nguvu ilipungua ghafla au kidogo kidogo? Iliyopungua ghafla aghalabu ni mambo ya mafuta: maji yameingia, bomba limeziba au limevuta upepo. Iliyopungua kidogo kidogo, miezi kwa miezi, aghalabu ni chujio linalojaa au vyuma vinavyolika.

SOMA MOSHI

Mashine ikiwa na mzigo, tazama moshi wake. Rangi yake ndiyo habari ya kwanza.

Moshi mweusi maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Sababu iliyo karibu ni chujio la hewa lililoziba, au mzigo mkubwa kupita uwezo wa mashine. Nozeli inayodondosha mafuta badala ya kuyapuliza huleta moshi huo huo. Lori lenye kipulizia hewa, ambacho mafundi hukiita tabo, huweza kutoa moshi mweusi ikiwa mpira wa kupitishia hewa umepasuka au kibano chake kimelegea.

Moshi mweupe asubuhi, mashine ikiwa baridi, si jambo la kutisha kama hupotea mashine ikipata joto. Ukiendelea, unusie kwa mbali. Ukinuka mafuta mabichi, mafuta hayaungui: mbano ni mdogo au wakati wa kupuliza mafuta umechelewa. Ukiwa mvuke usio na harufu ya mafuta, na maji ya rejeta yapungua kila siku, huenda gasketi ya kichwa imeungua na maji yaingia katika silinda. Mashine hiyo isimamishwe, isitumiwe tena mpaka itengenezwe.

Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Yaweza kuwa oili ilijazwa kupita alama. Kama sivyo, ringi za pistoni, miongozo ya vali au tabo vimelika.

Na ikiwa nguvu hakuna na moshi pia hakuna? Hapo mashine ina njaa. Mafuta hayaifikii. Usifungue kitu kingine ila ufuate njia ya mafuta.

NJIA YA HEWA

Zima mashine, toa chujio la hewa, ulielekeze kwenye jua. Chujio la karatasi lisilopitisha mwanga limekwisha. Usilioshe kwa petroli wala usilipigepige kwenye jiwe; karatasi ikitoboka, vumbi litakwenda moja kwa moja kula silinda. Chujio la kuogea oili litolewe tope, lisafishwe, litiwe oili mpya mpaka kwenye alama. Kamwe usiiendeshe mashine bila chujio kwa kusema “ni kwa leo tu”.

Tazama na bomba la kutolea moshi. Mashine iliyolala tangu msimu uliopita huweza kuwa makao ya nyigu, nao hujenga vijumba vya udongo ndani ya mabomba. Udongo kidogo watosha kuinyima mashine pumzi.

NJIA YA MAFUTA

Anza kwenye tangi. Kifuniko chake kina tundu dogo la kupitishia hewa. Likiziba, mashine huwaka vizuri, na baada ya muda huanza kuzimika, ikipumzika huwaka tena. Jaribu hivi: ikianza kuchoka, legeza kifuniko. Ukisikia hewa ikivutwa ndani na nguvu ikarudi, umeupata ugonjwa bila kutoa hata senti.

Kisha fungua skrubu ya chini ya chujio la mafuta, uyapokee yanayotoka katika chupa nyeupe. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo yatakaa chini na utayaona. Visiwani kwetu hewa ina unyevu mwingi, na tangi lililoachwa nusu usiku hutoa jasho ndani. Afadhali kulijaza jioni kuliko asubuhi. Na mafuta ya pipa yaachwe yatulie siku nzima kabla ya kutekwa, wala usiteke ya chini kabisa, maana huko ndiko maji na taka hukaa.

Chujio la mafuta likiwa la zamani, libadilishwe. Baada ya hapo hapana budi kutoa upepo: legeza skrubu ya kutolea upepo juu ya chujio, piga pampu ya mkono mpaka mafuta yatoke bila mapovu, kisha kaza. Mapovu yasipokwisha, bomba linavuta hewa mahali kati ya tangi na pampu. Tafuta nati iliyolegea au bomba lililopasuka, hata kama halivuji mafuta nje.

Mwisho, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini, mwingine atazame kwenye pampu kama mkono wake wafika mwisho. Waya ulionyooka kwa uzee huweza kumnyima dereva robo ya nguvu ya lori lake.

MBANO

Hewa na mafuta vikiwa sawa, ndipo twafikiri juu ya mbano. Mashine ndogo ya silinda moja, yenye kuwashwa kwa hendeli, hupimwa hivi: mashine ikiwa imezimwa na mafuta yamefungwa, zungusha hendeli polepole bila kufungua vali ya kupunguzia mbano. Yapaswa ikatae kama chemchemi ya chuma. Ikipita kwa urahisi, mbano unatoroka. Katika lori, mashine ikiunguruma polepole, legeza kifuniko cha kutilia oili. Mvuke kidogo ni kawaida; moshi mwingi wenye kusukuma kwa nguvu ni dalili ya ringi zilizolika.

Hapa ndipo mwanachama asimame na fundi aendelee. Lakini sasa fundi hatakuja kubahatisha. Utamwambia: “Chujio ni safi, mafuta hayana maji, upepo tumeutoa, moshi ni mweupe wenye harufu ya mafuta, na hendeli yapita kwa urahisi.” Maneno hayo humpunguzia kazi, na humzuia asiyekuwa mwaminifu kukuuzia pampu usiyoihitaji.

TAHADHARI

Bomba linalotoka kwenye pampu kwenda kwenye nozeli lisiguswe mashine ikiwaka. Mafuta yake hutoka kwa msukumo wenye kuweza kupenya ngozi kama sindano. Jeraha huonekana dogo, lakini ndani huharibu nyama. Mtu akipigwa nayo apelekwe hospitali saa ile ile. Katika malori ya siku hizi yenye kuongozwa na kompyuta, msukumo huo hupita mara 1,000 ya ule wa hewa tunayovuta. Mabomba hayo yasifunguliwe na asiyejua, na taa ya mashine ikiwaka, fundi aisome kwa kifaa chake. Hata hivyo, chujio, maji katika mafuta na mpira uliopasuka havikubadilika. Hivyo hutazamwa kwa macho katika mashine mpya kama katika ya zamani.

Kadhalika kifuniko cha rejeta kisifunguliwe maji yakiwa moto.

Tunawasihi wanachama wasingoje siku ya mavuno. Juma mbili kabla ya kuanza kuchuma, iwasheni mashine, muipe mzigo, mtazame moshi, muangalie machujio na kumwaga maji. Ni kazi ya asubuhi moja. Ugonjwa ukionekana wakati huo, ipo nafasi ya kununua chujio na kumngojea fundi. Ukionekana kilimani usiku, magunia yakiwa juu ya lori, karafuu hazitangoja.