Je, Wajua? Chembe ya Damu Haitulii

Je, wajua ya kuwa chembe nyekundu ya damu, itazamwapo kwa hadubini, huonekana ikitetemeka daima, ilhali haina msuli wala mkia wa kuitikisa? Ajabu hiyo ilikwisha onekana tangu karne ya 19, lakini haikupata kubainishwa kwa hesabu hadi mwaka 1975, Françoise Brochard na Jean-François Lennon wa Ufaransa walipodhihirisha ya kuwa asili yake ni joto: molekuli, ambazo hazina raha hata nukta moja, huusukasuka utando wa chembe, nao, kwa wembamba wake, hupinda na kurudi bila ya kukoma.

Utando huo una tabaka mbili za mafuta, unene wake nanomita 5 hivi, na molekuli zake, ingawa zimesimama kwa safu, huteleza ubavuni mfano wa maji. Ndipo ukahesabiwa katika jamii ya fuwele za kiowevu. Wolfgang Helfrich wa Ujerumani, aliyeandika kanuni ya unyumbufu wake mwaka 1973, alifahamu ya kuwa kuutanua ni kazi nzito, bali kuupinda ni jambo hafifu, lihitajilo nishati iliyo mara makumi machache tu ya ile ya mtikisiko wa joto.

Lakini lililo la ajabu zaidi, kwa rai yangu, ni alilolieleza Helfrich huyo mwaka 1978: tando mbili zikikaribiana, mtetemeko wenyewe huzisukuma zitengane, kila mmoja ukidai nafasi ya kuchezea.