Meno ya plastiki: si ugonjwa, ni chonge za mtoto wako

Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, anapata homa, anakataa kunyonya. Katika familia nyingi za Tanzania, Kanda ya Kati ikiwemo, kuna mtu atakayesema: "Mwangalieni fizi, huyo ana meno ya plastiki." Wengine huyaita meno ya nailoni. Kinachofuata ni kumtafuta mtu wa kuyang'oa.

Mzazi unayetusikiliza ukiwa Majengo mjini Dodoma, au kijijini Bahi, Chamwino, Kongwa au Mpwapwa, fahamu hili kabla siku hiyo haijafika: meno ya plastiki hayapo. Kinachong'olewa ni jino halisi la mtoto ambalo bado halijakomaa.

Uvimbe mweupe kwenye fizi ni nini?

Mtoto huzaliwa na meno yake 20 ya utoto yakiwa yamefichwa ndani ya fizi. Ya mbele hutangulia kutoka, mara nyingi karibu na miezi sita. Chonge, yale meno yaliyochongoka pembeni, huchelewa hadi mtoto avuke mwaka mmoja na miezi kadhaa. Lakini kabla ya hapo huanza kuinua fizi, na ufizi ulioinuka huonekana kama uvimbe mweupe. Karibu kila mtoto anao, mgonjwa na mzima. Ukimfunua mdomo mtoto wa jirani anayecheza vizuri, utauona.

Jino hilo likikatwa likiwa changa, huwa laini, halina ugumu wa jino lililokomaa. Ndiyo maana watu hudhani ni plastiki.

Kwa nini mtoto huharisha umri huo huo?

Katika miezi hiyo kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua. Ndipo anapoanza uji, kukaa chini, kutambaa na kutia mdomoni kila anachookota. Maji yasiyo salama, kikombe kisichooshwa vizuri na mikono yenye uchafu humwingizia vijidudu tumboni. Homa nayo inaweza kuwa malaria, nimonia au maambukizi mengine. Meno na kuharisha vimekutana umri mmoja tu. Kimoja hakisababishi kingine.

Mbona wengine hupona baada ya kung'olewa?

Kuharisha kwingi huisha kwenyewe ndani ya siku chache, mradi mtoto hajaishiwa maji mwilini. Mganga akiitwa siku ya nne, hukuta ugonjwa unaelekea kuondoka, na sifa zinakwenda kwa kisu chake. Mtoto akifariki, familia huambiwa ilichelewa kumleta. Kwa hesabu hiyo mganga hakosei kamwe.

Madhara yake

Kazi hii hufanywa kwa kisu, wembe, msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda, maambukizi ya damu au virusi vya UKIMWI kupitia kifaa kilichotumika kwa mwingine. Kidonda mdomoni humzuia kunyonya wakati anapohitaji maji kuliko siku zote.

Akipona, hasara bado ipo. Chini ya chonge ya utoto kuna mbegu ya chonge ya ukubwani, inayotoka karibu na miaka 9 hadi 12. Kisu kikiifikia, jino hilo linaweza kutoka likiwa na kasoro, kuota pembeni au kutotoka kabisa. Wataalamu wa meno nchini wamekuwa wakiandika kuhusu madhara haya tangu miaka ya 1980. Uganda nao wana tatizo hilo hilo, na huko huitwa ebinyo.

Ufanye nini mtoto akiharisha?

Endelea kumnyonyesha, tena mara nyingi zaidi. Mpe ORS: pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, au kama pakiti inavyoelekeza. Kila anapoharisha mpe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo kwa kijiko. Mchanganyiko ukimaliza saa 24, mwaga, tengeneza mwingine. Zahanati watampa pia vidonge vya zinki. Avimalize hata kama kuharisha kumekoma.

Mkimbize kituo cha afya bila kusubiri ikiwa ana homa, anashindwa kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, analegea, macho au utosi vimebonyea, au kinyesi kina damu. Usiruke chanjo za kliniki. Chanjo ya rota, inayozuia kuharisha kukali, inatolewa nchini tangu 2013.

Akisisitiza bibi?

Mara nyingi anayeshauri kung'oa ni mtu mzima anayempenda mtoto. Usibishane naye. Mwambie: "Mama, nimekusikia. Naomba kwanza tumpeleke zahanati akapimwe, na twende wote, daktari atuoneshe hizo fizi." Baba naye ajue mapema, maana uamuzi huu mara nyingi hufanyika yeye akiwa shamba au safarini.

Meno yakishatoka

Ukitaka kuyahangaikia meno ya mtoto, hangaika na haya. Jino la kwanza likitoka, lipige mswaki laini asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka mitatu, iwe kama punje ya njegere. Uji usiwe na sukari nyingi. Soda, pipi na ubuyu wa sukari visiwe vya kila siku. Ukiona doa jeusi au tundu, muone daktari wa kinywa na meno kabla mtoto hajaanza kulia usiku.