Kwa Nini Wameru Walishindwa Ngarenanyuki

Tarehe 17 Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilianza kuwaondoa Wameru Ngarenanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru. Watu wapatao 3,000 walihamishwa kwa nguvu, nyumba zao zikachomwa moto. Ardhi hiyo ilikwishatengwa iwe mashamba 13 ya walowezi wa Kizungu, kufuatana na mapendekezo ya Jaji Mark Wilson.

Wameru hawakushika silaha. Waligoma kuhama kwa hiari, wakaikataa fidia, na wengi wao hawakukubali kwenda Kingori, eneo la joto na mbung'o walilopangiwa. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akaenda New York pamoja na wakili Earle Seaton kuishitaki Uingereza mbele ya Umoja wa Mataifa. Kamati ya Nne ya Umoja huo iliunga mkono wananchi warudishiwe ardhi yao. Lakini Desemba mwaka huohuo, katika Baraza Kuu, azimio lilikosa theluthi mbili ya kura. Walowezi wakabaki mashambani.

Nidhamu haikupungua, wala ujasiri. Kilichokosekana ni kitu ambacho Uingereza ilikihitaji kutoka kwao. Wafanyakazi wa Mombasa walipogoma Januari 1947, bandari ilisimama, na serikali ikalazimika kuunda baraza la kuamua suala la mishahara. Ngarenanyuki hali ilikuwa kinyume kabisa: mkoloni hakutaka kazi ya Wameru pale, alitaka waondoke. Mgomo wa watu ambao mtawala anataka watoweke haumgusi mfukoni.

Nguvu ya pili waliyoitegemea ilikuwa aibu ya Uingereza mbele ya dunia. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, kwa hiyo malalamiko yalisikilizwa. Lakini Umoja wa Mataifa haukuwa na askari wala njia ya kumlazimisha mdhamini atii. Hata azimio lingepita, utekelezaji wake ungebaki mikononi mwa serikali ileile iliyochoma nyumba.

Tena walikuwa peke yao, na pengine hili ndilo zito kuliko yote. Chama cha Waafrika, TAA, kilikuwa na matawi mengi, lakini hakikuwa na uwezo wa kuzigeuza nyumba za Ngarenanyuki kuwa shauri la nchi nzima, ambalo lingesimamisha reli, bandari na mashamba ya mkonge kwa siku moja.

Hata hivyo, kushindwa huko hakukupotea bure. Kirilo aliporudi alizunguka akieleza yaliyowapata Wameru, na habari hiyo ikawafikia watu ambao hawakuwahi kuuona Mlima Meru. Chama cha TANU kiliundwa tarehe 7 Julai 1954. Machi 1955 kiongozi wake, Julius Nyerere, alisimama mbele ya Baraza la Udhamini huko New York, safari hii akidai uhuru wa Tanganyika yote.