Utangulizi: Afya ya Mfanya Usafi

Taaluma ya afya kazini ni elimu inayochunguza jinsi kazi inavyougusa mwili wa anayeifanya na namna ya kuzuia madhara mapema. Nakuingiza humo kupitia mlango wa wafanya usafi. Tunapishana nao kila siku kwenye ngazi na vyoo vya ofisi, lakini nani huwaza kwamba ndoo na dekio vinaweza kumuumiza mtu?

Taaluma hii ina deni kwa wazoa vinyesi. Bernardino Ramazzini, tabibu wa Modena nchini Italia, alimwona mmoja wao akihangaika kumaliza kazi haraka. Akamuuliza sababu, akaelezwa jinsi shimo la kinyesi linavyounguza macho. Mwaka 1700 alichapisha kitabu kuhusu magonjwa ya wafanyakazi, akiwasihi matabibu wamuulize kila mgonjwa: unafanya kazi gani? Swali hilo bado husahaulika katika vyumba vingi vya daktari.

Tuanze na msingi ambao wageni wengi huuchanganya. Kihatarishi ni kitu chenye uwezo wa kudhuru. Hatari ni uwezekano kwamba kitadhuru kweli, na kwa ukali gani. Chupa ya jiki iliyofungwa kabatini ni kihatarishi. Imimine katika choo kisicho na dirisha, hatari inapanda. Ichanganye na dawa ya choo yenye asidi, inatoka klorini, gesi inayochoma koo na mapafu. Wanaofanya hivyo si wazembe: hudhani dawa mbili zina nguvu kuliko moja, na mara nyingi hakuna aliyewaeleza.

Madhara mengine hayana kishindo. Maji na sabuni huondoa mafuta ya ngozi kidogo kidogo mpaka mikono ipate ukurutu, yaani ngozi kuwasha, kukauka na kupasuka. Mvuke wa dawa za kupuliza unaweza kuleta pumu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, waliwasilisha matokeo ya watu zaidi ya 6,000 waliofuatiliwa kwa takriban miaka 20: uwezo wa mapafu ya wanawake waliofanya usafi ulishuka haraka zaidi kuliko wa wasiofanya. Ongeza mgongo unaoinamia ufagio mfupi na, hospitalini, sindano iliyotupwa kwenye mfuko wa taka za kawaida.

Utauliza: si wavae glovu tu? Wavae, ila glovu huja mwisho. Wataalamu hufuata ngazi ya udhibiti, yaani mpangilio wa hatua kutoka iliyo imara hadi iliyo dhaifu. Kwanza ondoa kihatarishi. Ukishindwa, tumia dawa nyepesi. Kisha boresha mazingira, kwa dirisha linalofunguka au mpini mrefu. Kisha fundisha na upange zamu. Vifaa kinga hubaki baada ya hayo yote, maana glovu ikitoboka hakuna kingine kinachomkinga mtu.

Nani alipie hatua hizi? Wafanya usafi wengi huajiriwa na kampuni iliyopewa zabuni ya usafi, na mwenye jengo hunawa mikono. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya ya mwaka 2007 haimpi nafasi hiyo: humwajibisha anayesimamia mahali pa kazi kwa kila anayefanya kazi humo, awe ameajiriwa naye au na mwingine.