Udongo mwekundu: ni nini kinapita kwenye ngozi ya mchimbaji?

Ndugu wachimbaji wa Nyankunde, na nyinyi mama na watoto mnaowangoja nyumbani, leo tunachukua swali moja lenye kuulizwa mara mingi kwenye karieri. Ule udongo mwekundu unaotushika mwili mzima, je, unapita kwenye ngozi na kuingia ndani ya damu?

Tuanze na wekundu wenyewe. Udongo wetu uko mwekundu kwa sababu ya oksidi ya chuma, ndugu ya ile kutu inayokula beleshi. Ndani yake kuna pia oksidi zingine, kama ya alumini. Chembe zingine ni ndogo sana: zile zisizofika nanometa 100 wataalamu wanaziita nanopartikeli. Unene wa unywele mmoja unazipita mara 500 mpaka 1000.

Kitu kidogo namna hiyo, mtu angefikiri kinapita popote. Lakini ngozi nzima ni mlinzi mkali. Juu yake kuna tabaka la seli zilizokufa, zimepangwa kama matofali. Wataalamu walichunguza sana oksidi ya titani na oksidi ya zinki, kwa sababu zinatiwa katika mafuta ya kukinga jua, yale yenye kuwasaidia sana ndugu zetu albino. Waliona kwamba chembe karibu zote zinabaki juu ao ndani ya vitundu vya nywele, kisha zinatoka pamoja na ngozi inayobambuka.

Basi hatari iko wapi? Iko pale ukuta umebomoka: kidonda, mkwaruzo wa jiwe, kisigino chenye kupasuka, mguu uliolegea kwa kushinda ndani ya maji.

Majirani zetu wa Uganda wanajua jambo hili. Huko Kamwenge, upande wa pili wa Ruwenzori, watu wengi walivimba miguu. Uchunguzi wa 2015 ulionyesha kwamba si minyoo ya filaria, ni podokoniosi, ugonjwa wa watu wanaotembea bila viatu, miaka na miaka, kwenye udongo mwekundu wa milima yenye mvua mingi. Chembe za udongo zinaingia kwa nyayo. Askari wa mwili wanazimeza na kuzipeleka kwenye mishipa ya limfu, na kule mishipa inaumia na kuziba pole pole. Maji ya mwili yanakosa njia ya kupanda, na mguu unavimba mpaka unafanana na wa tembo. Ugonjwa huu hauambukizi. Tena si ulozi, kwa hiyo mgonjwa asifichwe wala kukimbiwa.

Na zebaki, ile merkiri tunayokamatia dhahabu? Hiyo si oksidi, na njia yake kubwa si ngozi ila pumzi. Mtu akivuta moshi wake, mapafu yanashika karibu 80 kwa 100. Kwa hiyo usijidanganye eti mikono yako haina kidonda. Usiichome jikoni, ao karibu na watoto na mama mwenye mimba. Usiikamue kwa mikono mitupu, kisha ukashika chakula.

Kinga haihitaji elimu kubwa. Vaa boti. Ukitoka shimoni, osha miguu kwa maji safi na sabuni, kausha vizuri hata katikati ya vidole, paka mafuta ngozi isipasuke. Funika kila kidonda mbele ya kushuka. Ukiona mguu unavimba, unawasha ao unachoma usiku, usingoje: uonyeshe kwa munganga, kwa CME Nyankunde ao kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Mwanzoni mguu unaweza kurudi.

Boti ziko bei, tunajua. Lakini mguu uliovimba hauingii tena ndani ya boti wala shimoni, na ni mguu ule unaolipa masomo ya watoto.