Unalipia Hewa

Hereni za gramu 40 zimewekwa ndani ya boksi la viatu, nafasi iliyobaki imejazwa magazeti mpaka pomoni, na muuzaji analalamika kwamba usafiri unamla faida. Mizigo ya namna hii naiona kila wiki. Boksi alilipata bure; kinachomgharimu ni hewa aliyoifunga ndani yake.

Kampuni nyingi zinazosafirisha vifurushi kwa ndege haziangalii mizani peke yake. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000. Jibu ni kilo, na likizidi uzito halisi, unatozwa kwa hilo. Boksi la sentimita 30 kwa 20 kwa 12 linatoa kilo 1.44. Hereni zilezile kwenye kiboksi cha 15 kwa 10 kwa 5 ni kilo 0.15. Posta ina utaratibu wake: kifurushi kidogo cha kwenda nje kisizidi kilo 2, jumla ya urefu, upana na kimo isipite sentimita 90, wala upande wowote usipite 60. Kwenye basi la mkoani hesabu hizi hazipo. Karani anautazama mzigo, anataja bei, mnapatana. Lakini naye huuona ukubwa kabla hajaunyanyua.

Basi jiulize kwanza kama kitu chako kinahitaji boksi kabisa. Kanga, fulana na mkoba wa kitambaa havivunjiki. Bahasha mbili za kaki, moja ndani ya nyingine, na selotepu pana juu ya mishono na juu ya anwani, vinatosha. Mfuko wa rambo uusahau: Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea Juni 1, 2019, na Kenya ilikuwa imetangulia Agosti 2017.

Vinavyovunjika ndivyo vinavyotaka boksi, na hapo nenda duka la dawa. Maboksi yake ni madogo, makavu na safi, na mara nyingi mwenye duka anafurahi kupunguziwa takataka. Funika maandishi yote ya dawa, usije ukajibu maswali njiani. Kabla hujalichukua, chungulia ukingo wake: kati ya karatasi mbili bapa kuna karatasi ya mawimbi. Hayo mawimbi ndiyo nguzo zake. Yakishabonyea au kulowa, boksi halina nguvu tena hata kama kwa nje bado linang'aa. Msimu wa masika usiyarundike maboksi sakafuni. Boksi likiwa kubwa, chana pembe zake nne, kunja kuta kwa kimo unachotaka, kata kinachozidi. Kazi ya dakika tano kwa kisu na rula.

Vipande ulivyokata usivitupe. Mwaka 1871 Mmarekani Albert Jones alipata hataza ya karatasi ya mawimbi akiwa na lengo la kulinda chupa, na kazi hiyo bado inaiweza vizuri. Bandua karatasi ya upande mmoja, kipande kitalegea. Kizungushe kwenye chupa ya mafuta ya nazi, mawimbi yakiigusa chupa. Kifuniko kikaze na ukizungushie selotepu kwanza. Kilichovuja huharibu na mizigo ya jirani.

Kwa kujazia, hakuna kinachovishinda vipande vya vitambaa vya fundi cherehani: ni vyepesi, havichafui, na jioni anavifagia tu. Magazeti huacha wino kwenye kitu cheupe. Nyasi kavu zinapendeza kwenye picha, ila usizitume nje. Forodha ya Australia, kwa mfano, haina mchezo na nyasi wala maboksi yaliyobeba matunda.

Ukishafunga, tikisa. Ukisikia kitu kinacheza, fungua uanze upya. Kisha liachie boksi lianguke kutoka usawa wa kiuno, maana wapakizi wa mizigo hawatalionea huruma.

Pesa uliyookoa kwenye boksi nunua selotepu nzuri. Ile nyembamba ya ofisini huachia kwa joto la buti la basi. Na kabla hujaipitisha, andika jina na simu ya mteja kwenye kikaratasi, ukiweke ndani, juu ya bidhaa. Lebo ya nje ikibanduka Chalinze, mzigo bado una mwenyewe.