Unataka gari la mizigo? Piga hesabu ya kurudi tupu

Anayetaka kuingia kazi ya kubeba mizigo midogo Mombasa huanza kwa kuuliza gari: Probox, TownAce, Carry au pikapu? Ningemshauri aanze na jambo jingine. Gari litalala wapi, na likishashusha mzigo litarudi na nini? Dereva wa Likoni, wa Kisauni na wa Changamwe wanaweza kuwa na magari ya aina moja na kununua petroli kwa bei moja, lakini mwisho wa mwezi mmoja analipa karo ya watoto na mwenzake anakwepa simu za mkopo.

Changamwe ndiko kwenye pesa nene. Bandari iko mlangoni, kuna yadi za makontena na maghala, na uwanja wa ndege wa Moi uko hapo hapo Port Reitz. Kazi za haraka zinatoka huko: spea ya meli inayosubiriwa Kilindini, masanduku machache yaliyotolewa kwenye kontena la wateja wengi, mzigo wa ndege ambao hoteli ya Shanzu inautaka kabla ya jioni. Tangu daraja la Makupa lifunguliwe mwaka 2022, adha ya kuingia kisiwani imepungua. Shida ya Changamwe ni kusubiri. Ajenti wa forodha atakwambia karatasi zinatoka baada ya dakika kumi, na adhuhuri itakukuta bado uko getini. Usipokubaliana naye mapema kwamba saa ya kwanza ni yako na zinazofuata ni zake kulipa, ile bei iliyokuvutia asubuhi umeigawa mara tatu.

Tena, bandari ina wenyewe. Mwaka 2019 serikali ilipoamuru makontena yapandishwe reli ya SGR hadi Nairobi, biashara za usafirishaji hapa ziliyumba na watu wakaandamana barabarani. Amri ile ilibatilishwa Septemba 2022. Anayetegemea mizigo ya bandari peke yake ajue kwamba riziki yake inaweza kubadilishwa kwa waraka mmoja.

Kisauni ni kinyume chake: malipo madogo, lakini ya kila siku na ya papo hapo. Soko la Kongowea (kiutawala siku hizi liko Nyali, ingawa kwa dereva ni njia ile ile) huamka kabla ya alfajiri. Mwenye gari dogo anayefika mapema anaweza kumaliza safari mbili za mboga na viazi kabla magari hayajaanza kusimama darajani Nyali. Baadaye kuna hoteli za Bamburi na Shanzu, fanicha, vifaa vya ujenzi, na mwisho wa mwezi watu wanahama nyumba. Kinachokula faida huku ni foleni na barabara. Ile ya kwenda Mtwapa imekuwa ikipanuliwa kwa miaka sasa, na ukiingia ndani, njia ni mchanga wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika. Springi na shokamzoba zitakusimulia.

Likoni ina kivuko, na kivuko kina hesabu yake. Abiria wa miguu hupita bure, gari hulipa kulingana na ukubwa wake. Ada yenyewe haiumizi kama muda. Saa moja ya foleni asubuhi na nyingine jioni ni safari moja uliyoipoteza. Barabara ya Dongo Kundu, yenye urefu wa kilomita 17.5, sasa inaunganisha Pwani Kusini na Miritini bila kupanda feri wala kuingia kisiwani, na imebadilisha mambo kuliko madereva wengi wanavyokiri. Chukua gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita. Kama njia hiyo inakuongezea kilomita 15, kwa bei ya mwishoni mwa 2025 unachoma petroli ya kama shilingi 226. Kwa mzigo wa kwenda Changamwe au Jomvu, hiyo ni bei rahisi kuliko saa ya foleni. Kwa mzigo wa kwenda Mwembe Tayari, kisiwani, bakia na feri.

Sasa gari. Kwa mizigo ya dukani na vifurushi, Probox ina faida moja kubwa: kila fundi anaijua na spea zake zipo kila mahali. Tatizo ni dari kuwa chini. Friji ya kusimama haiingii. TownAce na magari ya jinsi hiyo yana nafasi zaidi na mlango wa pembeni, unaosaidia sana ukiegesha kwenye vichochoro. Carry ina injini ndogo na haili mafuta mengi, ila ukiizidishia uzito kwenye mwinuko itakuaibisha. Pikapu ya dizeli hubeba simenti na mabomba bila kunung'unika, lakini mvua ikinyesha unatafuta turubai, na mteja wa mizigo ya haraka hapendi turubai. Kwa anayeanza na mtaji mdogo, tuktuk ya mizigo inatosha kwa kazi za Kongowea hadi Mlaleo au Bamburi. Usiitume Diani.

Kuagiza gari kutoka Japani kuna sharti: lisiwe limezidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Sisi wa Mombasa tuna nafuu kwamba meli inalishusha kwetu na yadi ziko karibu, kwa hiyo hulipii dereva wa kulipeleka Nairobi. Gari lililokwisha kutumika hapa Pwani ni rahisi zaidi, lakini lala chini ulitazame kwanza. Chumvi ya bahari huanza kula chesi kabla rangi haijafifia.

Nitakaa kidogo kwenye bima, kwa sababu hapa ndipo wageni wengi huchomeka. Bima ya magari ya kubeba mizigo ina mafungu mawili makuu. Moja ni ya anayebeba mizigo yake mwenyewe, mathalani mwenye duka. Nyingine ni ya anayebeba mizigo ya watu kwa malipo, na hiyo huwa ghali zaidi. Wakala anayetaka kukuuzia upesi atakupa ya kwanza bila kukuuliza kazi yako. Siku ya ajali, kampuni ikigundua ulikuwa umelipwa kubeba mzigo, ina sababu ya kukataa dai. Sema waziwazi unafanya kazi gani, kisha soma cheti. Ujue pia kwamba bima ya gari, hata ile kubwa, hailipi mzigo wenyewe ukivunjika au kulowa. Bima ya mizigo safarini hukatwa peke yake, na kampuni nyingi kubwa hazikupi kazi bila hiyo.

Mafuta hayana mjadala, kwa sababu bei inapangwa na EPRA, mamlaka ya nishati, na kutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi. Mwishoni mwa 2025 petroli Mombasa ilikuwa karibu shilingi 181 kwa lita na dizeli karibu 168, kama shilingi tatu chini ya Nairobi. Ndani ya bei hiyo mna VAT, iliyopandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16 mwaka 2023, na ushuru wa barabara uliotoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita mwaka 2024. Mkataba wowote wa bei moja kwa mwaka mzima uwe na kifungu cha kupanda kwa mafuta.

Tufanye hesabu ya mfano; wewe weka namba zako. Gari la petroli linafanya kazi siku 24 kwa mwezi, kilomita 70 kwa siku, kilomita 12 kwa lita. Hiyo ni kilomita 1,680 na lita 140, yaani shilingi 25,340. Oili na filta weka 2,000 kwa mwezi. Matairi manne ya 8,000 yanayodumu kilomita 35,000 yanakula kama 1,540. Bima ya 48,000 kwa mwaka ni 4,000 kwa mwezi. Kodi ya awali ya KRA, mamlaka ya mapato, kwa magari ya mizigo, shilingi 2,500 kwa kila tani au 5,000 kwa mwaka, yoyote iliyo kubwa, inakujia kama 420. Ongeza 2,500 za maegesho na ada za kaunti, 3,000 za kivuko, 1,500 za simu, na 5,000 za akiba ya matengenezo. Jumla ni kama 45,300.

Mkopo bado. Milioni moja kwa riba ya asilimia 14 kwa miaka mitatu inaweza kumaanisha vitu viwili. Riba ikikokotolewa kwa salio linalopungua, unalipa kama 34,200 kwa mwezi. Ikikokotolewa kwa mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, unalipa 39,400, na tofauti ya miaka mitatu inakaribia 190,000. Asilimia iliyoandikwa kwenye bango ni ile ile. Uliza, tena uandikiwe.

Ukichukua mkopo ule wa nafuu, gharama zinafika 79,500. Ukipata safari tatu za 1,500 kila siku, unaingiza 108,000 na unabaki na 28,500. Mapato ya kiwango hicho yanavuka milioni moja kwa mwaka, kwa hiyo toa pia kodi ya mauzo ya asilimia 3, yaani 3,240. Sasa punguza siku sita za kazi: gari limekaa gereji, mvua imenyesha, mtoto ameugua. Mapato yanashuka hadi 81,000, mafuta, oili, matairi na kivuko vinashuka pia, lakini benki haishuki. Kabla ya kodi hiyo unabaki na kama 9,500.

Linganisha na anayeendesha gari la mtu kwa hesabu, yaani anampa mwenye gari kiasi maalumu kila siku. Tuseme hesabu ni 2,000 kwa siku, mafuta, kivuko na simu ni vyako, mengine ni ya mwenye gari. Kwa safari zile zile tatu anabaki na kama 1,250 kwa siku, 30,000 kwa mwezi. Mwezi mbaya wa siku 18, ikiwa hadaiwi hesabu ya siku ambazo gari halikutoka, anabaki na karibu 22,600. Ndiyo, hana gari mwishoni mwa miaka mitatu, ilhali mwenye mkopo ana gari na ataanza kubaki na zaidi ya 60,000 kabla ya kodi ya mauzo. Lakini ni lazima mtu aifikie hiyo miaka mitatu.

Turudi kwenye kurudi tupu. Gawanya 79,500 kwa kilomita 1,680, unapata kama shilingi 47 kwa kila kilomita, iwe na mzigo au bila. Kutoka Kongowea hadi Ukunda na kurudi ni kama kilomita 70, yaani karibu 3,300. Mteja akikupa 3,000 na ukarudi na hewa, umemlipa wewe kumbebea. Ukiwa na duka la Ukunda linalotuma nazi au makreti matupu kurudi Mombasa, hata kwa 1,200, safari ile ile ina maana. Nafasi hizo dalali hazipati. Huzipata anayepita njia hiyo kila wiki na kujulikana.

Dalali anafaa miezi ya kwanza, na programu za simu vilevile, mradi usiziegemee. Programu ya Sendy ilianza Nairobi, ikasifiwa sana, na mwaka 2023 ikafunga. Kampuni zenye mizigo hulipa vizuri lakini huchelewa, na hazitakulipa bila ankara ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, kwa hiyo jisajili KRA kabla ya kwenda kuomba kazi.

Ushauri wangu kwa anayeanza leo: endesha gari la mtu kwa hesabu nusu mwaka, ukiandika daftarini kila kilomita uliyorudi tupu. Kisha ununue. Wa Kisauni anunue gari dogo na aamke mapema. Wa Changamwe anunue lenye dari na atoze muda wa kusubiri. Wa Likoni asinunue kabla hajapata mteja wa kudumu upande wake wa Pwani Kusini, kwa sababu kuvuka kila asubuhi kutafuta kazi kisiwani hakulipi mkopo.